Muuzaji Aliyenyamaza: Mnunuzi wa Nyumba na Ardhi Nyeri, Tangu Enzi za Githaka

Ufa wa kwanza huanzia kwenye pembe ya dirisha. Ni mwembamba kama uzi, unapanda kimshazari kuelekea kwenye lenta, na wakati wa kiangazi ukucha hauwezi kupenya. Mvua za masika zikipita, kidole kinaingia. Upande wa Nanyuki na Kieni, ambako kuna udongo mweusi unaofura ukilowa na kusinyaa ukikauka, kila fundi anaijua sababu: msingi haukuchimbwa hadi kwenye tabaka gumu, au udongo wenyewe haukuondolewa kabla ya zege kumwagwa. Aliyeuza nyumba naye alijua, maana ndiye aliyeziba ufa kwa simiti na kupaka rangi upya kabla hajaleta wanunuzi. Sasa fedha zimelipwa, hati miliki ina jina jipya, na mnunuzi akimwendea wakili hupewa jibu fupi: mnunuzi ajihadhari. Jibu hilo hutolewa kana kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu kale. Ukweli ni kwamba katika nchi ya Mlima Kenya kanuni hiyo ni mgeni wa juzi. Kabla yake palikuwa na taratibu mbili, moja ya Kikuyu na nyingine iliyotoka India, na hakuna hata moja iliyompa muuzaji ruhusa ya kunyamaza. Mnunuzi wa Nyeri alikuwa na kinga. Alipokonywa kinga hiyo kwa sheria zenye majina na tarehe, na ni haki yake kujua ilivyokwenda.

Tuanze na jambo ambalo ni rahisi kulisahau: Wakikuyu wa karne ya 19 hawakuuziana nyumba. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mila za Wakikuyu, anaeleza kwamba nyumba mpya ilitakiwa ikamilike kwa siku moja, majirani na watu wa rika wakisaidiana, na moto wa kuiwashia uchukuliwe kutoka nyumba ya zamani. Kuta zilikuwa za miti na paa la nyasi, na kasoro ya ujenzi ilikuwa aibu ya kijiji kizima kilichojenga, wala haikuwa siri ya mtu mmoja. Kilichouzwa ni ardhi, githaka, na hicho hakikuuzwa kimyakimya. Mali ilikuwa chini ya mbari, yaani ukoo uliotokana na babu aliyefyeka msitu au aliyenunua. Msimamizi wake aliitwa muramati, na watu wa mbari walistahili kuulizwa kabla mgeni hajaulizwa. Mnunuzi alikwenda na pombe, akaanza maneno kwa mafumbo, kama anayekuja kuposa binti wa nyumba hiyo. Yakikubaliwa, wazee waliitwa, pande zote mbili zikatembea mpakani pamoja, kondoo dume akachinjwa, taka za tumbo lake zikanyunyizwa kwenye mstari, na matoka, yale maua ya mizizi minene yasiyokufa kwa ukame, yakapandwa kuwa alama.

Anayeyatazama haya kama ibada tupu atakosa kuiona sheria iliyomo. Kutembea mpakani mbele ya wazee kulilazimisha kila dai lililojificha lijitokeze mchana. Kama palikuwa na muhoi, yaani mpangaji aliyekaribishwa kulima bila kununua, alionekana yuko pale na shamba lake. Kama ndugu wa muuzaji alikuwa na sehemu yake, huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na aliyenyamaza mbele ya kondoo aliyechinjwa hakuwa na uso wa kusema baadaye. Mashahidi walikuwa wengi kwa makusudi, wazee na vijana, ili pawe na mtu wa kukumbuka miaka 40 baadaye. Mnunuzi aliyegundua tatizo hakuhitaji kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa muuzaji siku ya mauzo. Alirudi kwa baraza la wazee, kiama, na jambo likasemwa tena na watu walewale waliolishuhudia, huku mbari nzima ya muuzaji ikiwa na jina la kulinda.

Hata hivyo, siuelezi utaratibu huo kama pepo iliyopotea. Kamati ya serikali iliyochunguza umiliki wa ardhi wa Wakikuyu mwaka 1929, ikiwa na Maxwell, Fazan na Louis Leakey, ilikuta kwamba katika sehemu za Nyeri na Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, mauzo mengi yalikuwa ya kukomboleka: muuzaji au mwanawe aliweza kurudisha mifugo na kuichukua ardhi yake. Kwa mnunuzi, huko kukomboleka ndiko kulikokuwa kasoro kubwa kuliko zote, ingawa angalau aliijua tangu siku ya kwanza. Wanawake hawakuwa na sauti katika baraza, ahoi, yaani wapangaji hao wa muhoi, walikuwa na sauti ndogo, na thamani ya ardhi ilipopanda katika miaka ya 1930 na 1940 kesi ziliongezeka hadi zikala mali za familia nyingi. Wazee waliweza kuhongwa kama binadamu wengine. Lakini tazama ubovu huo ulikuwa wa namna gani: watu waligombana kuhusu kilichosemwa. Hakuna aliyedai kwamba muuzaji anayeijua kasoro hana wajibu wowote wa kuitaja.

Mji ulikuja na sheria nyingine kabisa. Nyeri ilianza kama kambi ya kijeshi mwishoni mwa 1902, wakati Richard Meinertzhagen na wenzake walipowashambulia watu wa Tetu. Punde maduka ya Wahindi yakafuata, kisha walowezi, kisha reli iliyofika Nanyuki mwaka 1930. Viwanja vya mji vilikuwa vya serikali ya kikoloni na vilikodishwa kwa karatasi, na karatasi hizo zilihitaji sheria. Waingereza hawakutunga mpya. Kwa amri ya malkia ya mwaka 1897 walikuwa wamekwisha kuingiza katika himaya yao ya Afrika Mashariki sheria za kawaida za Uingereza pamoja na rundo la sheria zilizotungwa kwa ajili ya India, na mojawapo ilikuwa Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya mwaka 1882. Ndiyo iliyotawala ununuzi wa duka la mabati Nyeri au nyumba ya mawe Nanyuki, kwa vifungu vilivyoandikwa mbali kabisa na hapa, kwa ajili ya watu wa Kalkata.

Kifungu cha 55 cha sheria hiyo kinastahili kusomwa polepole. Muuzaji, kilisema, anawajibika kumfunulia mnunuzi kasoro yoyote kubwa iliyo katika mali, ambayo yeye anaijua, mnunuzi haijui, na mnunuzi hangeweza kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Mambo matatu yamepimwa hapo kwa haki. Muuzaji habebeshwi kasoro asiyoijua. Mnunuzi hasamehewi uvivu, kwa sababu ufa ulio wazi ukutani ni juu yake kuuona. Kinachobaki katikati ni kile hasa kinachoumiza watu: jambo linalojulikana na mmoja, lililofichika kwa mwingine. Mwishoni mwa kifungu pakaongezwa neno zito kuliko yote, kwamba kuacha kumfunulia mnunuzi jambo hilo ni ulaghai. Mnunuzi hakuhitaji kuonyesha kwamba muuzaji alitamka uongo. Kimya chenyewe kilihesabiwa kuwa uongo. Na kwa kuwa sheria ya muda wa kushtaki husimamisha saa pale penye ulaghai, hadi mdai anapougundua au anapotakiwa awe ameugundua, mtu aliyefichwa msingi mbovu hakuishiwa na muda kabla nyumba haijaanza kupasuka.

Kwa nini Waingereza waliwapa Wahindi, na kupitia kwao wakazi wa mji wa Nyeri, kinga ambayo kwao London haikuwepo? Kule, mahakama zilishikilia kwamba nyumba iliyokwisha kujengwa huuzwa bila dhamana yoyote ya kuwa inafaa kukaliwa, muuzaji akitunza ulimi wake asidanganye. Ni pale tu mtu aliponunua nyumba inayoendelea kujengwa ndipo majaji walipokubali kwamba mjenzi ameahidi kazi nzuri. Waliotunga sheria ya India walikuwa na nafasi ambayo wabunge wa Uingereza hawakuwa nayo: kuandika upya sheria nzima bila kuulizwa na mabwanyenye wenye majumba. Kwa hiyo walitia humo wema ambao kwao ulikuwa bado ni mjadala. Sheria yenyewe ilikuwa na mpaka wake, maana kifungu hicho kilianza kwa kusema kwamba yote haya ni pale ambapo mkataba hausemi vinginevyo, na wakili hodari angeweza kuandika vinginevyo. Tena iliwalinda zaidi wenye viwanja, na kwa miaka mingi Mwafrika aliyejenga chumba katika mtaa wa Majengo alikuwa na kibali cha muda tu. Lakini kigezo kilikuwa kimeandikwa. Aliyetaka kukikwepa alilazimika kuandika kwamba anakikwepa, na mnunuzi angesoma.

Pigo lilikuja wakati wa vita vya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, maelfu ya wanaume wakatiwa kizuizini, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa jamii za Kikuyu, Embu na Meru walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi. Katika hali hiyo, huku wenye mashamba wengi wakiwa nyuma ya waya wa miiba, serikali iliamua kukusanya vipande vya mashamba na kuviandikisha. Mpango uliopewa jina la Swynnerton ulitangazwa mwaka 1954, na Nyeri ilikuwa mstari wa mbele, hasa katika eneo la Chifu Muhoya ambako kazi hiyo ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1956 kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika zilisimamishwa kwa sheria, ili uandikishaji usikwamishwe na wanaolalamika. Hebu fikiria maana yake. Desturi nzima ya mauzo ilisimama juu ya mashahidi kuzungumza, na sasa mashahidi walikuwa kizuizini, mabaraza yamefungwa, na wanakamati waliobaki walikuwa wale waliokubaliwa na serikali. Huko Fort Hall udanganyifu ulikuwa mwingi kiasi kwamba wakoloni wenyewe walilazimika kuirudia kazi.

Sheria ya uandikishaji ya 1959, kisha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, ikapiga muhuri juu ya matokeo hayo. Kifungu cha 143 cha sheria hiyo ya 1963 kilizuia mahakama kusahihisha usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Mipaka iliyooneshwa katika ramani ilikuwa ya makadirio tu, kwa hiyo ekari zilizoandikwa kwenye hati hazikuwa ahadi ya ekari zilizopo shambani. Halafu kuna vifungu viwili ambavyo wanahistoria wa ardhi huvipita haraka, nami naona ndivyo kiini cha habari hii. Kifungu cha 163 kilileta sheria ya kawaida ya Uingereza kutawala ardhi yote iliyosajiliwa kwa utaratibu huo. Kifungu cha 164 kikaiondoa ile sheria ya India ya 1882 kwenye ardhi hiyohiyo. Kwa sentensi mbili, kila shamba la Tetu, Mathira, Othaya na Mukurweini, na baadaye kila ploti iliyokatwa kutoka kwenye mashamba hayo kando ya barabara ya Karatina au Kerugoya, lilitoka chini ya kondoo na matoka na likaenda moja kwa moja chini ya kanuni ya mnunuzi ajihadhari. Halikupita hata siku moja chini ya kifungu cha 55. Desturi ilizimwa, na kinga pekee ya maandishi iliyokuwepo nchini ikawekewa uzio isivuke.

Watetezi wa hati wana hoja, nayo ni nzito. Hati, wanasema, iliwapa wakulima dhamana ya kuchukulia mkopo, kahawa na chai zikapandwa kwa kujiamini, na kesi zilizokuwa zikizilia familia ng'ombe zikapungua. Tena mtu anayenunua kwa kutazama sajili moja ameokoa gharama ya kuwatafuta wazee 20. Nakubali kwamba kahawa ilipandwa, ingawa marufuku ya kikoloni juu ya Waafrika kulima zao hilo ilikuwa imelegezwa kwa sababu nyingine pia. Lakini hoja hiyo inaeleza faida ya sajili, haielezi kwa nini sajili ilihitaji kumwondolea muuzaji wajibu wa kusema kweli. Kadi ya kijani iliyo katika ofisi ya ardhi inaonyesha nani mwenye mali na kama kuna benki inayomdai. Haijui lolote kuhusu chemchemi iliyofukiwa chini ya sebule, tangi la maji taka lililojengwa bila sakafu, au mteremko uliowahi kuporomoka mvua kubwa iliponyesha. Nchi inaweza kuwa na sajili safi na papo hapo ikamtaka muuzaji afunue anachokijua.

Jinsi mnunuzi alivyoachwa mikono mitupu ilionekana wazi katika Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967. Mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyopata idhini ya bodi kwa muda uliowekwa yalikuwa batili, na kitu pekee alichopewa mnunuzi ni kudai fedha alizolipa kama deni. Nyumba aliyojenga na miti aliyopanda haikutajwa. Wauzaji wakajifunza haraka kuitumia kasoro hiyo: pokea fedha, mwache mtu ajenge, kisha useme hapakuwa na idhini. Ilichukua hadi mwaka 2014 kwa Mahakama ya Rufaa, ikiketi Nyeri, kusema yatosha katika kesi ya wanunuzi 88 waliokuwa wamelipia viwanja na kuingia. Majaji walitumia dhana ya amana inayotokana na mwenendo wa muuzaji mwenyewe: aliyepokea bei na kukabidhi ardhi hawezi kujificha nyuma ya karatasi ambayo yeye mwenyewe hakuitafuta. Mzee yeyote wa kiama angeielewa hukumu hiyo bila kufafanuliwa.

Mahakama kwa kweli zimekuwa zikiirudisha desturi kwa mlango wa nyuma kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971 Jaji Chunilal Madan aliamua kwamba kaka mkubwa wa Kikuyu aliyeandikishwa peke yake aliishika ardhi kwa niaba ya nduguze pia. Mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana ya kimila ni haki inayoishinda hati hata kama haikuandikwa popote kwenye sajili, na hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 katika kifungu cha 28. Mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, mahakama hiyohiyo ilikwenda mbali zaidi: hati iliyoanza kwa mgao haramu haimlindi hata mnunuzi wa baadaye aliyenunua kwa nia njema. Nazipokea hukumu hizi kwa moyo mmoja, kwa sababu zinarudisha haki kwa walioporwa. Lakini lazima isemwe zinamwachia mnunuzi nini. Sasa anatakiwa achunguze historia yote ya umiliki, ajue kama kuna ndugu wa ukoo mwenye haki isiyoandikwa, na akose vyote akikosea. Mzigo wa kuuliza umerudi kama ulivyokuwa kabla ya 1956. Wajibu wa muuzaji wa kujibu haujarudi.

Na mwaka 2012, mwaka ambao Kenya iliziandika upya sheria zake za ardhi chini ya katiba mpya, hata kile kidogo kilichobaki kikaondoka. Sheria ya Usajili wa Ardhi ilifuta sheria tano za zamani kwa pamoja, ya India ikiwa mojawapo. Nia ilikuwa njema: kuondoa vurugu ya mifumo mingi na masalia ya ukoloni. Lakini hakuna aliyekihamishia kifungu cha 55 kwenye sheria mpya. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo inaeleza namna muuzaji anavyoweza kuvunja mkataba na kumwondoa mnunuzi asiyelipa, na nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa. Wajibu wa kufunua kasoro iliyofichika haumo. Kwa hiyo mwenye nyumba yenye ufa leo, Nanyuki au Nyeri mjini, ana njia chache na nyembamba: athibitishe kwamba muuzaji alisema uongo kwa maneno au kwa vitendo, na rangi iliyopakwa juu ya ufa inaweza kuwa ushahidi mzuri, aonyeshe kwamba mkataba ulikuwa na ahadi mahususi, ndani ya miaka sita tangu ulipovunjwa, au amshtaki mjenzi kwa uzembe, ndani ya miaka mitatu. Mikataba mingi inayochapwa katika ofisi za mawakili ina sentensi inayosema mnunuzi ameikagua mali na anaichukua kama ilivyo, na watu hutia saini bila kuuliza sentensi hiyo inamfuta nani.

Wapo watakaosema dawa ni ukaguzi: mnunuzi amlipe soroveya na mhandisi kabla ya kulipa. Ndiyo, alipe akiweza, na amuulize pia jirani wa upande wa juu maji ya mvua hupita wapi. Ila mhandisi hawezi kuchimba msingi wa nyumba ya mtu mwingine, na mwalimu anayenunua vyumba vitatu Karatina kwa mkopo wa chama cha akiba hana fedha za kulipia vipimo vya udongo. Muuzaji anaijua kasoro bila gharama. Kumtaka aseme hakumpunguzii kitu isipokuwa ile faida aliyotarajia kuipata kwa kunyamaza. Bunge halihitaji kubuni chochote ili kulirekebisha jambo hili. Maneno yalikuwepo katika vitabu vya sheria vya Kenya hadi 2012, na bado yanatumika India, ambako mnunuzi wa nyumba Mumbai leo anaweza kumpeleka muuzaji mahakamani kwa kimya chake, kwa kifungu ambacho kwa zaidi ya karne moja kilikuwa cha mkazi wa mji wa Nyeri pia.